Wa Kwanza Tunamjua, wa Pili Yuko Wapi?

Oktoba 10, 2000, bibi wa miaka 84 alikwenda kupiga kura katika uchaguzi wa wabunge nchini Sri Lanka. Alipiga kura yake, na akiwa njiani kurudi Colombo moyo wake ukasimama. Bibi huyo ni Sirimavo Bandaranaike. Vitabu humtaja kwa sentensi moja: mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu, Julai 1960. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini nina ugomvi nayo kwa jambo moja. Imetuzoesha kuhesabu wa kwanza tu.

Nchi nyingi zina wa kwanza wao. India, Israel, Argentina, Uingereza, Pakistan, Ufilipino, Liberia, Ujerumani. Anaapishwa, magazeti yanaandika kwamba historia imeandikwa, kisha tunafunga daftari. Mimi nataka tuulize jambo jingine: baada yake alikuja nani, na aliingia kwa mlango upi? Wa kwanza anaweza kuletwa na msiba, au bahati, au ugomvi wa wanaume wawili walioshindwa kukubaliana. Wa pili, hasa yule asiye mke wala binti wa mtu mkubwa, haji mpaka njia iwe imelimwa.

Tuanze na msiba, maana ndio ulioleta wengi. Septemba 1959 mume wa Sirimavo, waziri mkuu Solomon Bandaranaike, alipigwa risasi nyumbani kwake akafariki kesho yake. Chama chake kilibaki bila kichwa. Miezi kumi baadaye mjane alikuwa ameshinda uchaguzi, huku yeye mwenyewe hana jimbo. Ilibidi apitishiwe baraza la seneti ili aweze kuongoza serikali. Corazon Aquino wa Ufilipino alimzika mumewe Benigno, aliyeuawa uwanja wa ndege wa Manila Agosti 1983, na Februari 1986 akawa rais. Violeta Chamorro wa Nicaragua alikuwa mjane wa mhariri aliyeuawa Januari 1978. Urais aliupata mwaka 1990. Benazir Bhutto wa Pakistan alikuwa binti wa waziri mkuu aliyenyongwa Aprili 1979. Nchini Bangladesh, Khaleda Zia alikuwa mjane wa rais aliyeuawa 1981, na mpinzani wake Sheikh Hasina alikuwa binti wa kiongozi aliyeuawa na sehemu kubwa ya familia yake Agosti 1975. Wanawake hao wawili walipokezana nchi tangu 1991 hadi Hasina alipokimbia Agosti 2024.

Kwa nini msiba? Chama kinachojengwa juu ya jina la mtu mmoja hakina namna ya kumrithi isipokuwa kupitia jina hilo hilo. Wanaume walio chini yake wanaviziana, hakuna anayekubali mwenzake apande. Hapo hutafutwa mtu ambaye jina analo na kambi hana. Mjane anafaa. Machozi yake yanakusanya umati, na wazee wa chama wanaamini kwamba usukani watabaki nao.

Kosa lao hilo lilionekana wazi zaidi India. Waziri mkuu Lal Bahadur Shastri alipofariki Januari 1966, vigogo wa chama cha Congress wakiongozwa na Kamaraj walimchagua Indira Gandhi, binti wa Nehru, kwa sababu walimwogopa mshindani wake chamani, Morarji Desai. Kura za wabunge zilikuwa 355 kwa 169. Mwanasiasa wa upinzani, Ram Manohar Lohia, alimwita mwanasesere bubu. Miaka minne haikuisha mwanasesere huyo alikuwa amekipasua chama, akawaacha vigogo wale upande wa pili na wanachama wengi upande wake. Mwaka 1971 alishinda uchaguzi kwa kishindo na akashinda vita vilivyozaa Bangladesh. Mwaka 1975, mahakama ilipobatilisha ushindi wake wa ubunge, alitangaza hali ya hatari, akawafunga wapinzani na kuvifunga mdomo vyombo vya habari. Wapiga kura wakamwondoa 1977, wakamrudisha 1980. Oktoba 1984 alipigwa risasi na walinzi wake.

Sitaki kumpunguzia mtu huyu hata chembe ya uwezo wake, wala kumsamehe hata siku moja ya ile hali ya hatari. Lakini tazama kilichofuata. Siku ile ile aliyouawa, aliapishwa mwanawe Rajiv. Hadi leo India haijapata waziri mkuu mwingine mwanamke. Miaka yake karibu kumi na sita madarakani haikufungua njia kwa wanawake ndani ya Congress, kwa sababu yeye mwenyewe hakupitia njia. Alipitia jina, na jina linarithiwa nyumbani. Pakistan ni vivyo hivyo. Tangu Benazir aondolewe mara ya pili mwaka 1996, kiti cha waziri mkuu hakijakaliwa na mwanamke, na mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya jimbo la Punjab, Maryam Nawaz mwaka 2024, ni binti wa Nawaz Sharif aliyekuwa waziri mkuu mara tatu.

Wapo watakaosema namwonea mrithi. Wanaume nao wanarithi kila siku na hakuna anayewauliza, na Rajiv niliyemtaja sasa hivi ndiye mfano. Ni haki kusema hivyo. Tena urithi huo haukuwa wa raha. Benazir alikaa vizuizini miaka, Aquino alistahimili majaribio kadhaa ya mapinduzi, na Benazir aliuawa Desemba 2007 akitoka kwenye mkutano wa kampeni Rawalpindi. Ninachosema ni kwamba ujasiri wa mtu mmoja na barabara ya watu wengi ni vitu viwili.

Mlango wa pili ni wa siku mbaya. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Michelle Ryan na Alex Haslam, walipochunguza kampuni za Uingereza waliona kwamba wanawake huwekwa kwenye bodi mara nyingi zaidi pale kampuni inapokuwa imekwisha kuyumba. Waliita hali hiyo jabali la kioo: unapandishwa juu, lakini pale penye mtelezo. Katika siasa mfano wake mkali ni Kim Campbell wa Canada. Alikabidhiwa chama na nchi Juni 1993, mtangulizi wake akiwa amechokwa na wananchi. Oktoba ulifanyika uchaguzi, na chama kilichokuwa na wingi bungeni kikabakiwa na viti viwili. Yeye mwenyewe alipoteza jimbo. Canada haijapata waziri mkuu mwingine mwanamke tangu hapo, na jina lake hutajwa kama onyo, wakati jahazi lilikuwa linavuja kabla hajapewa usukani.

Theresa May alichukua Uingereza Julai 2016, wiki chache baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, mtangulizi wake akiwa amekwenda zake. Sanae Takaichi akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa Japan Oktoba 2025, chama chake kikiwa kimepoteza wingi katika mabaraza yote mawili ya bunge. Hata Angela Merkel aliingia kwa mlango huu. Kashfa ya michango ya siri ilikuwa imekichafua chama cha Helmut Kohl, kansela wa zamani, na Desemba 1999 ni yeye, katibu mkuu, aliyeandika gazetini kwamba chama kijifunze kutembea bila mzee. Wanaume waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wamefungwa na hisani ya Kohl. Yeye akasema. Aprili 2000 akawa mwenyekiti, na tangu 2005 akaiongoza Ujerumani miaka kumi na sita, akang'atuka kwa hiari yake. Siku mbaya, basi, si lazima ikumeze. Lakini kitu kinachoitwa nafasi kinapotolewa wakati hakuna mwingine anayekitaka, tusikichanganye na usawa.

Margaret Thatcher hakuja na jeneza wala hakuitwa kuzima moto. Alikuwa binti wa mwenye duka wa mji mdogo, aliingia bungeni 1959, akamshinda kiongozi wa chama chake mwenyewe Februari 1975, akashinda nchi Mei 1979. Kama kuna mtu aliyepita kwa mlango wa mbele, ni yeye. Uchaguzi huo huo wa 1979 uliingiza wabunge wanawake 19 tu kati ya 635. Na katika miaka kumi na moja na nusu ya utawala wake, mwanamke mwingine aliyekaa katika baraza lake la mawaziri alikuwa mmoja, Janet Young, kwa muda wa miaka miwili hivi. Aliufungua mlango akaingia, ukajifunga nyuma yake.

Weka pembeni yake Gro Harlem Brundtland wa Norway. Alipounda serikali yake ya pili mwaka 1986, wanane kati ya mawaziri 18 walikuwa wanawake. Tofauti ya tabia ya watu hao wawili ipo, lakini haitoshi kueleza jambo hili. Chama cha Brundtland kilikuwa kimejiwekea kanuni mwaka 1983: katika kila orodha ya uteuzi, jinsia yoyote isipungue asilimia 40. Alipotafuta mawaziri wanawake, walikuwepo tayari, wamekwisha kukaa kwenye kamati na kuongoza halmashauri. Thatcher angetaka, angewatoa wapi? Hakutaka, hilo linajulikana. Hata hivyo chama chake hakikuwa na akiba hiyo.

Hapa lazima nikiri kwamba hoja yangu inapata mkwaruzo. Chama cha Labour cha Uingereza ndicho kilichotumia orodha za wagombea wanawake watupu, na mwaka 1997 wabunge wanawake wakafika 120. Conservative walilipinga jambo hilo. Lakini mawaziri wakuu wanawake wote watatu wa Uingereza, Thatcher, May na Liz Truss, wametoka Conservative, na Labour haijawahi kumpa mwanamke uongozi wa chama kwa uchaguzi kamili. Nimelifikiria sana jambo hili. Jibu langu, ambalo msomaji ana haki ya kulikataa, ni kwamba kanuni inajaza ukumbi na haigusi kiti cha mbele. Kiti kile kina mchezo wake: nani ana kundi la wabunge, nani ana wafadhili, nani anafanana na picha ya kiongozi iliyo kichwani mwa wanachama. Rwanda inaonyesha hivyo kwa ukubwa zaidi. Katiba ya 2003 iliweka angalau asilimia 30 kwa wanawake, na mwaka 2008 bunge lake likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Kiti cha urais hakijaguswa.

Iceland ndiko ninakorudi kila ninapokata tamaa. Oktoba 24, 1975, asilimia 90 hivi ya wanawake wa nchi hiyo waligoma kwa siku moja, kazini na nyumbani. Viwanda vya samaki vilisimama, shule na vitalu vya watoto vilifungwa, simu hazikuunganishwa, ndege hazikuruka kwa kukosa wahudumu. Akina baba waliwabeba watoto hadi maofisini. Siku moja tu, lakini nchi nzima iliona kwa macho kitu ambacho hotuba elfu zisingekionyesha. Wakati ule bungeni kulikuwa na wanawake watatu kati ya wabunge 60. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya usawa. Na Juni 1980 Vigdís Finnbogadóttir, mkurugenzi wa jumba la maigizo, aliyeachana na mumewe na kumlea peke yake binti aliyemuasili, aliwashinda wanaume watatu kwa asilimia 33.6 ya kura. Ndiye mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais na wananchi wenyewe.

Angeishia hapo tungekuwa na wa kwanza mwingine wa kuweka kwenye orodha. Lakini wanawake waliogoma hawakurudi nyumbani. Mwaka 1983 waliunda orodha yao ya uchaguzi, na idadi ya wanawake bungeni ikapanda kutoka watatu hadi tisa. Vigdís alikaa miaka 16. Benki zilipoanguka 2008, Jóhanna Sigurðardóttir aliitwa kuongoza serikali. Akaja Katrín Jakobsdóttir. Mwaka 2024 Halla Tómasdóttir akachaguliwa rais, na Desemba hiyo Kristrún Frostadóttir, mwenye miaka 36, akaunda serikali ya vyama vitatu ambavyo vyote vinaongozwa na wanawake. Ukiuliza Iceland wa pili ni nani, itabidi ufafanue: wa pili wa urais, au wa pili wa serikali?

Liberia nayo ilianza na umati. Mwaka 2003 wanawake waliovaa fulana nyeupe, Waislamu na Wakristo pamoja, walikaa juani karibu na soko la samaki Monrovia wakidai vita viishe. Wengine wakaenda hadi Accra na kukaa mlangoni pa ukumbi wa mazungumzo, wajumbe wasitoke bila makubaliano. Uchaguzi wa 2005 ulipofika, wanawake walihamasishana kujiandikisha, na Ellen Johnson Sirleaf, mchumi aliyewahi kufungwa na utawala wa Samuel Doe, akamshinda George Weah kwa asilimia 59 hivi katika duru ya pili. Afrika ikapata rais mwanamke wa kwanza wa kuchaguliwa. Miaka kumi na miwili baadaye alipokabidhi madaraka kwa amani, jambo ambalo si dogo kwa nchi ile, hakuna kanuni yenye meno iliyokuwa imewekwa kuwapa wanawake viti, na bunge la Liberia limebaki kuwa la wanaume kwa wingi ule ule. Umati wa sokoni ulileta rais. Haukuachiwa chombo cha kuleta wengine. Hili linaniuma kuliko kushindwa kwa Campbell, kwa sababu hapa nguvu ilikuwepo.

Kwingineko barani mlango umekuwa kiti cha makamu. Joyce Banda wa Malawi alikuwa amefukuzwa chamani lakini akagoma kujiuzulu umakamu. Bingu wa Mutharika alipofariki Aprili 2012, baadhi ya mawaziri walijaribu kumzuia, jeshi likasimama na katiba, naye akaapishwa. Miaka miwili baadaye, serikali yake ikiwa imechafuliwa na kashfa ya wizi wa fedha za umma, alishika nafasi ya tatu. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021 baada ya kifo cha John Magufuli. Oktoba 2025 alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikushiriki, kiongozi wake akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na damu ikamwagika. Anayewapenda wanawake katika siasa asifumbe macho hapa. Hasina naye alikimbia baada ya mamia ya waandamanaji kuuawa. Kudai haki ya mwanamke kutawala ni kudai pia ahukumiwe kwa mizani ile ile.

Mwezi mmoja baada ya Sirimavo kufariki, Novemba 2000, alifariki mwanamke mwingine ambaye orodha za wa kwanza hazimtaji: Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na mume mashuhuri wala baba wa kisiasa. Mwaka 1955 alikabidhiwa tawi la wanawake la TANU, akitumia mitandao ya vikundi vya ngoma, na ndani ya miezi aliingiza chamani wanawake kwa maelfu, wakati wanaume wengi walioajiriwa na serikali ya kikoloni waliogopa kadi ya chama isiwafukuzishe kazi. Uhuru ulipokuja alipata unaibu waziri. Mwaka 1965 alipoteza ubunge, mwaka 1969 akakamatwa kwa uhaini, akahukumiwa, akasamehewa 1972. Rais mwanamke alipokuja kuapishwa Tanganyika na Zanzibar zikiwa zimeungana kwa karibu miaka 57, alikuja kwa njia ya msiba. Wale waliojaza mikutano walijua kukusanya watu. Kilichokosekana ni kanuni ya kuwapandisha.

Na kanuni bila kuilinda huchezewa. Mexico wanalijua hilo. Mwaka 2009 sheria ilidai wagombea wanawake, vyama vikawasimamisha, wakashinda. Bunge lilipofunguliwa tu, kadhaa wakaomba likizo ili wasaidizi wao, wanaume, wachukue viti. Wananchi walikasirika, wanawake wa vyama mbalimbali wakaungana kwenda mahakamani, na mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi ikaamua kwamba mwanamke akigombea, msaidizi wake pia awe mwanamke. Mwaka 2014 usawa wa wagombea ukaingia kwenye katiba. Mwaka 2021 baraza la wawakilishi likawa na wanawake 250 kati ya 500. Katikati ya miaka hiyo Claudia Sheinbaum, mwanasayansi, aliongoza wilaya ya Tlalpan, kisha jiji lote la Mexico. Alipogombea urais 2024, mshindani wake mkuu, Xóchitl Gálvez, alikuwa mwanamke. Wa kwanza na aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza walisimama kwenye karatasi moja ya kura.

Turudi Sri Lanka. Baada ya Sirimavo alikuja Chandrika Kumaratunga, waziri mkuu kisha rais, mwaka 1994. Ni binti yake. Ilibidi kusubiri hadi Septemba 2024, miaka 64, ndipo akaapishwa waziri mkuu mwanamke ambaye si wa ukoo wa mtawala: Harini Amarasuriya, mhadhiri wa chuo kikuu huria cha nchi hiyo, aliyeingia bungeni 2020 kupitia orodha ya chama. Bunge lililochaguliwa miezi miwili baadaye lilivunja rekodi ya nchi kwa idadi ya wanawake, na bado hawakufika mmoja katika kila kumi. Ila kwenye halmashauri kuna sheria iliyotumika mara ya kwanza 2018, inayotenga robo ya viti kwa wanawake. Kabla ya hapo walikuwa chini ya asilimia 2 ya madiwani. Ndiyo maana siku hizi, nikitaka kujua atakayemfuata Harini, natazama majina ya madiwani.